Msitu Juu ya Meza: Seremala wa Homa Bay na Stesheni Isiyo na Jina

Wahenga wetu walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi mwandishi wenu, niliyezaliwa katika harufu ya chumvi na mikoko, nilikwenda bara hadi Migori kwa ajili ya harusi ya mtoto wa rafiki yangu, wala sikuwa na nia ya kurudi na habari ya gazeti. Lakini nimerudi nayo. Ni habari ya msitu mzima uliokaa juu ya meza, na ya mzee ambaye kwa miaka 11 amekuwa akiujenga kwa tindo, tupa na subira. Naileta mbele yenu, wasomaji wa pwani, kwa sababu mna deni ndani yake, kama mtakavyoona.

Jambo lenyewe lilianzia Migori mjini, siku ya pili baada ya nikaha. Nilikuwa nimetoka kusali alasiri, nikawa napita kando ya vibanda vya mafundi wa jua kali wanaochomelea milango na kutengeneza pikipiki. Juu ya pipa tupu la mafuta niliona lori la waya. Magari ya waya si kitu kigeni kwetu sote tuliokuwa watoto. Lakini lori hili lilikuwa na tela, na juu ya tela magogo matano, kila moja na magamba yake, yamefungwa kwa mnyororo mwembamba kama mkufu wa mtoto mchanga. Niliinama nikatazama mwisho wa gogo. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno, na duara za umri wa mti zilionekana wazi.

"Umejifunza wapi haya, mwanangu?" nilimwuliza kijana mwenye kibanda.

"Kwa Babu, Homa Bay," akajibu. "Lakini hili alilikataa. Alisema mnyororo umelegea. Mengine yote atakusamehe, lakini kwa mnyororo Babu hana mzaha."

Sikuielewa kauli ile siku hiyo. Kesho yake kijana alinipakia katika matatu, tukashika njia ya kaskazini. Tulipita mashamba ya miwa ya Awendo, tukafika Rongo, kisha tukageuka upande wa ziwa. Njiani kijana alinionyesha mabanda marefu ya kukaushia tumbaku. Zao hilo lililimwa sana Migori, na kila msimu majani yake yalitaka moto, na moto ulitaka kuni. Vilima vingi vilinyolewa kwa kazi hiyo, na wakulima wakapanda mikaratusi ili kuziba pengo. Siku hizi wako wanaoacha tumbaku na kupanda maharagwe. "Babu asema mimi nimezaliwa katika nchi ya visiki," kijana akacheka, "kwa hiyo najua kuchonga kisiki kuliko mti."

Homa Bay ni mji uliokaa baina ya kilima cha Asego na maji. Nyumba ya mzee iko karibu na ufuko, na kutoka barazani huonekana mashua za wavuvi zimelala mchangani. Tulitoleana salamu ya Kiislamu, maana mzee huyu ni Mjaluo mwenyeji wa Kendu Bay, mahali ambapo Uislamu una mizizi ya siku nyingi, na huko ndiko alikosoma Korani utotoni. Umri wake umepita miaka 80. Alikuwa seremala wa mabehewa, na kazi ilimpeleka Kisumu, kisha akahamishwa hamishwa katika stesheni za milimani. Ameniomba nisitaje jina lake, nami nimemridhia.

"Karibu, maalim," akaniambia. "Umekuja kuona mchezo wa mzee aliyerudi utotoni?"

"Nimekuja kuona msitu, mzee wangu," nikajibu. Akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Niseme kwanza mzee ametoa wapi fikra hii. Kule Ulaya na Marekani, kujenga reli ndogo ni shughuli ya watu wazima wenye akili zao. Mjini Hamburg, Ujerumani, iko nyumba iliyofunguliwa mwaka 2001 ambamo reli hizo zimetandikwa kwa zaidi ya kilomita 15, na watu hulipa kiingilio kuzitazama. Wamarekani hupenda hasa kujenga reli za wakata magogo, kwa kuwa misitu yao mingi ilitolewa kwa garimoshi. Bwana mmoja wa Michigan aitwaye Ephraim Shay, naye akiwa mkata magogo, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1881 kwa injini ya kupanda milima ya msituni, na hadi leo wajenzi wa reli ndogo huiigiza. Mzee wetu aliyaona hayo katika gazeti moja la picha lililoachwa na mhandisi aliyekuwa anarudi kwao. Alilihifadhi sandukuni miaka mingi. Alipofiwa na mkewe, nyumba ikawa kimya, akalitoa.

Wala msidhani kwamba nchi hii ya Homa Bay na Migori ina habari ya reli. Garimoshi la abiria halikuwahi kufika huku. Reli iliyoanza kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu, Desemba 1901, ikakomea hapo. Watu wa kusini mwa ghuba walipata meli badala yake. Ile ya kwanza, William Mackinnon, iliteremshwa Mombasa vipande vipande, ikaja kuungwa Kisumu na kutiwa majini mwaka 1900. Lakini meli za siku zile zilikula kuni, kama yalivyokuwa magarimoshi. Kwa ajili ya tumbo hilo la chuma, mikaratusi ililetwa nchini mwaka 1902 ipandwe iwe kuni za reli. Hivyo mti ambao kijana wa Migori anauona kando ya banda la tumbaku ni mgeni aliyeletwa na garimoshi. Mzee alilisema hilo kwa maneno mafupi: "Reli haikutufikia, lakini shoka lake lilifika."

Basi nikaingia chumbani. Meza ina urefu wa meta 3 na upana wa meta 1 na robo, imeundwa kwa mbao za mlango wa zamani. Juu yake kuna bonde la Mau, mahali fulani kwenye njia ya milima inayotoka Nakuru kuelekea Kisumu, katika nchi ya Elburgon, Molo na Londiani, ambako reli hupanda zaidi ya meta 2,500 juu ya bahari na asubuhi huvuta ukungu. Kipimo chake ni 1 kwa 87, ndicho kinachotumika zaidi duniani. Maana yake ni kwamba mti wa meta 26 unakuwa na urefu wa sentimita 30, gogo la unene wa sentimita 60 linakuwa na milimita 7, na mtu mzima hazidi sentimita 2. Njia yetu ya zamani ina upana wa meta 1 baina ya chuma na chuma. Mezani imekuwa milimita 12.

Nilimwomba anieleze kazi yenyewe, akanieleza kama anayefundisha mwanafunzi. Ardhi ni karatasi za magazeti zilizolowekwa katika uji wa unga wa muhogo, zikapakwa juu ya wavu wa waya, zikaachwa zikauke siku saba. Majabali ni vipande vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, kule Kisii, ambako wachongaji hutupa vigae anavyovihitaji yeye. Kokoto za reli ni mchanga wa ziwa uliochujwa kwa chekecheke ya chai, mara tatu. Kuushika usitawanyike, hutumia gundi nyeupe ya seremala iliyotiwa maji na tone moja la sabuni. "Bila sabuni," alisema, "gundi hukaa juu ya mchanga kama matone ya maji juu ya jani la yungiyungi. Haingii."

Shina la mti ni nyaya za umeme zilizosokotwa pamoja. Upande wa chini huachwa ziwe mizizi, na wa juu hufumuliwa ziwe matawi. Kisha hupakwa gundi na unga wa mbao, likawa gamba. Majani ni dodoki kuukuu lililochanwa chanwa na kutiwa rangi. Kamba za kuvutia magogo ni nyuzi za magugu maji yaliyokaushwa, yale yale yanayowasumbua wavuvi nje ya dirisha lake. Mataruma ya reli ameyachonga moja moja, yapata 900, na hakuna mawili yaliyolingana. Nilipomwuliza kwa nini asiyalinganishe, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini vidole havilingani.

Magogo yenyewe ni vijiti vya mikaratusi ya Migori anavyoletewa na kijana. Huvikata vikiwa vibichi, huvikausha kivulini, akavipanga kwa aina: hapa podo, hapa mwerezi, hapa saiprasi. Liko shimo la kupasulia mbao, na msumeno mrefu umesimama katikati ya gogo, ule wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Liko tela, iko nira ya ng'ombe imewekwa chini, iko reli ya toroli inayotoka kwenye kiwanda cha mbao. Injini ndogo husukuma mabehewa matatu. Mwili wake ni kopo la samli na mashine yake imetoka katika redio ya kaseti iliyokufa. Mzee aligusanisha waya na betri ya pikipiki. Garimoshi likaondoka polepole likapinda nyuma ya miti, likatoka upande wa pili na shehena yake. Nami mtu mzima nikajikuta nimepiga magoti ili nilione vizuri.

Nilipokuwa nimepiga magoti vile ndipo nikatambua jambo. Katika msitu wote ule hapakuwa na mtu hata mmoja.

Kulikuwa na dalili za watu kila upande. Moto umewashwa, na sufuria iko mafigani. Shoka limekitwa katika kisiki, mpini wake sentimita 1. Shati limeanikwa kwenye kamba. Mlango wa kibanda cha karani umeachwa wazi, daftari liko mezani. Lakini mwenye shoka hayupo, na mwenye shati hayupo.

Mwanzoni nilidhani nimeijua sababu. Sisi tuliosoma chuoni tunajua maonyo yaliyopokewa kuhusu kuchonga sura za wenye roho, na kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mchongaji mmoja kwenye miti na vitu visivyo na roho. Nikamwambia mzee hivyo. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni sababu moja, na inanitosha," akasema. "Lakini iko ya pili." Akachukua kibiringo cha kioo, kile wanachotumia mafundi saa, akanipa. "Tazama kile kisiki kilicho karibu na mabehewa."

Nikatazama. Juu ya kisiki kulikuwa na kitu cheupe, hakizidi punje ya mchele iliyovunjika. Nilisogeza kioo mpaka kikatulia. Ilikuwa kofia, kofia ya viua, ya kwetu, na mashimo yake yametobolewa kwa ncha ya sindano.

Kisa chenyewe nakieleza kwa ufupi, kama alivyonieleza. Mwaka 1968, mzee akiwa kijana wa kurekebisha mabehewa ya mbao, alipelekwa kwenye stesheni moja ndogo ya msituni. Pale palikuwa na kiwanda cha mbao cha mtu binafsi, ambaye hakuna haja ya kumtaja, na vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Mmoja alikuwa kijana wa pwani ya kusini, Mwislamu, mwenye sauti nzuri. Alikuwa akiimba juu ya gogo wakati wa kupasua mbao, na wenziwe walivuta msumeno kwa kufuata wimbo wake. Hao wawili walikuwa wakisali pamoja nyuma ya rundo la mbao, mmoja akiadhini na mmoja akikimu.

Siku moja, wakati wa kupakia, mnyororo uliokwisha kulika ulikatika, na magogo yakaporomoka. Alikuwa amesimama chini yake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

"Waislamu tulikuwa watatu," mzee akasema. "Tulimwosha kwa maji ya mto, maji baridi kama barafu. Tukamsalia, tukamzika ukingoni mwa msitu kabla ya magharibi. Nikamwendea karani nipate anwani ya kwao, nimwandikie mama yake barua. Daftari lilikuwa na jina moja tu na namba. Hapakuwa na kijiji, wala jina la baba kamili. Nami nilikuwa nimesali naye miezi saba bila kumwuliza mtaa wao. Tulikuwa vijana, maalim. Tulidhani tuna wakati."

Mwaka uliofuata alihamishwa. Aliporudi kupatafuta mahali pale, baada ya miaka mingi, msitu ulikuwa umekwisha katwa, na kaburi lile lisilo na alama hakuliona tena. Ndipo akaanza kujenga meza. Huijenga kwa kumbukumbu, kisiki kwa kisiki, ili ajue kaburi lilikuwa umbali gani kutoka kwenye reli. Alinionyesha mahali penyewe: ardhi tambarare, chini ya podo watatu, imefunikwa majani. Hakuweka kitu juu yake.

Wasomaji wangu, sikuweza kunena mara moja. Marehemu baba yangu alikuwa mkata mikoko wa Lamu. Nimekua nikihesabu korija kabla sijajua kuhesabu shilingi: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ishirini ishirini, zikingojea jahazi la kwenda Arabuni. Serikali ilipokataza kupeleka boriti nje mwaka 1982, nilikuwa mtoto wa chuoni, na nakumbuka baba alivyokaa barazani na shoka lake miguuni, asijue amwambie nini mama. Watu walizungumza juu ya mikoko, na ilikuwa haki kuizungumzia, maana ilikuwa inakwisha. Juu ya wakataji sikusikia mtu akizungumza. Ndivyo ilivyo na misitu ya bara. Ukataji ulipositishwa Februari 2018, na marufuku ilipotangazwa kuondolewa Julai 2023, tulisoma habari za miti, mito na viwanda. Hayo ni mambo makubwa. Lakini nyuma ya kila boriti iliyo darini kwetu, na nyuma ya kila taruma lililobeba reli, yuko mtu aliyeinua shoka, na aghalabu hatujui alikuwa mwana wa nani.

Mafundi wetu wa Lamu huchonga majahazi madogo mazuri sana, na wageni huyanunua. Nimeyatazama maisha yangu yote, lakini sikumbuki kuona hata moja lililopakia boriti. Ilinibidi nifike Homa Bay, kwa Mjaluo mwenye kibiringo cha kioo, nikumbushwe shehena ya baba yangu.

Kabla ya kuondoka niliona ubao wa stesheni. Umesimamishwa juu ya nguzo mbili, umepakwa rangi nyeupe, lakini haukuandikwa kitu. Nikafanya kosa la pili siku ile: nilidhani haujamalizika. Nikamwambia kwa mzaha, "Mzee wangu, andika Homa Bay, reli iwafikie angalau hapa."

Kijana wa Migori akainamisha macho. Mzee hakukasirika. "Jina la kuandika ninalo," akasema. "Ni lake yeye. Lakini jina la mtu ni mali ya jamaa zake. Siwezi kulitundika ukutani mwangu na mama yake au ndugu zake hawajui hata alikokufa. Nitaliandika siku nitakayopewa ruhusa. Nisipokuwapo, huyu kijana ataandika. Ndiyo maana namfundisha minyororo kabla ya magogo."

Basi hiyo ndiyo haja ya makala haya. Nimelijua jina la marehemu, na kwa makubaliano na mzee silichapishi, ili atakayekuja aje nalo mwenyewe. Kama uko ukoo katika pwani ya kusini uliompoteza kijana aliyekwenda kupasua mbao bara, akanyamaza tangu mwaka 1968. Kama yuko bibi aliyesubiri barua, au ndugu aliyeambiwa kwamba fulani ameghafilika na kwao. Basi na waandike kwa mhariri wa ukurasa huu, wataje jina na jina la baba yake. Wajue kwamba hakughafilika. Alioshwa, akasaliwa na akazikwa Kiislamu, na yuko mtu aliyemkumbuka.

Mzee aliniomba nimwachie ubeti, nami nikamwandikia huu nyuma ya kadi ya harusi. Ameubandika chini ya meza, mahali ambapo hauonekani mpaka mtu apige magoti:

Nimeuona msitu, meza moja umetanda,
Shoka lipo bila mtu, aliyekata kenenda,
Tukikata, enyi watu, tusisahau kupanda,
Dunia si mali yetu, ni amana ya kulinda.